Karatasi Inayoombwa Mara Mbili

Maandishi ya mazungumzo kuhusu matumizi ya karatasi katika ofisi za umma, yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakazi na wafanyakazi wa Meru na jirani zao wa Embu.



Katika dirisha la ofisi nyingi za umma, kutoka Maua hadi Siakago, hubandikwa kikaratasi kinachowaambia wenye shida waje na nakala ya kitambulisho. Mzee aliyeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri anafika, anakisoma, anavuka barabara hadi kwenye saiba, analipa shilingi 10, kisha anarudi kwenye foleni ambayo tayari imerefuka. Karani anapokea nakala, anaitupia jicho na kuibana kwenye fomu. Juma linalofuata mzee huyo huyo anatumwa idara nyingine ndani ya jengo lile lile, na huko anaombwa nakala ya kitambulisho kile kile.

Mazungumzo kuhusu karatasi ofisini kwa kawaida huanzia kwenye printa. Wafanyakazi huambiwa wachape pande mbili, wasichape barua pepe, wazime mashine jioni. Ni ushauri mzuri na utafikiwa hapa chini. Lakini sehemu kubwa ya karatasi zilizojaa katika makabati ya serikali haikutoka kwenye printa ya ofisi. Ililetwa na wananchi, kwa pesa zao, kwa sababu waliambiwa waje nayo. Kwa hiyo kupunguza karatasi ofisini ni jambo la mfuko wa mkazi kabla halijawa jambo la bajeti ya idara.

Kwanza hesabu ndogo. Rimu moja ya A4 ina karatasi 500. Karatasi ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5. Rimu basi ni kilo 2 na nusu, na katoni ya rimu 5 ni kilo 12 na nusu, jambo ambalo mhudumu anayezipandisha ngazini halihitaji kuelezwa. Karatasi nyingi nyeupe za ofisi zinazouzwa nchini hutoka ng'ambo. Kenya ilikuwa na kiwanda chake kikubwa kule Webuye, Pan African Paper Mills, kilichoanza kuzalisha miaka ya 1970. Kilifungwa mwaka 2009, kikajaribiwa kufufuliwa, na mwaka 2016 kikauzwa kwa Rai Group. Kila rimu inayotupwa kwenye debe la taka mjini Meru au Embu basi mara nyingi imenunuliwa kwa fedha za kigeni na kusafirishwa kutoka bandarini kabla ya kukaa dakika mbili mikononi mwa mtu.

Haikuwa hivyo siku zote. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa ulioenea kutoka Machakos hadi Moyale, na barua za mkoa mzima zilipita pale. Karani alichapa kwa taipureta akiwa amepachika kaboni katikati ya karatasi. Nakala ya pili ilisomeka vizuri, ya nne ilififia, na zaidi ya hapo ilikuwa kivuli tu. Kwa sababu hiyo, mwandishi wa barua alilazimika kufikiri ni nani hasa anayehitaji nakala. Mashine ya fotokopi ilipoingia, kikwazo hicho kikaondoka, na mazoea ya kuuliza yakaondoka nacho. Leo barua ya aya mbili inayoalika watu kwenye mkutano huandikiwa orodha ya wapokea nakala iliyo ndefu kuliko barua yenyewe. Kila mmoja huchapiwa yake, ikatiwa kwenye bahasha, na pengine ikapelekwa na gari la serikali hadi Timau au Ishiara. Mpokeaji alikuwa amekwisha kupigiwa simu.

Mahali ambapo karatasi nyingi hutumika kwa mkupuo mmoja ni kwenye nyaraka za mipango na bajeti. Sheria inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na kabla ya kupitishwa wananchi lazima washirikishwe. Meru ina wadi 45. Embu ina wadi 20. Chukulia kwamba waraka wa kurasa 200 unachapwa nakala 50 kwa kila wadi. Kwa Meru hizo ni nakala 2,250, yaani kurasa 450,000. Zikichapwa upande mmoja ni rimu 900, zaidi ya tani mbili za karatasi. Rimu ikikadiriwa kuwa shilingi 600, hapo pana shilingi 540,000 kabla ya wino, kabla ya jalada la plastiki, kabla ya mafuta ya gari. Kuchapa pande mbili kunaondoa nusu ya karatasi hizo bila mtu yeyote kunyimwa ukurasa hata mmoja. Kwa Embu, hesabu hiyo hiyo inatoa rimu 400, au 200 kwa pande mbili.

Swali la maana zaidi ni kama waraka huo husomwa. Mtu aliyeketi kwenye benchi la kanisa au chini ya mwembe, aliyepewa kitabu kizito cha majedwali ya Kiingereza saa nne asubuhi na kuombwa maoni saa sita, hakisomi. Anatafuta wadi yake, anaangalia kama barabara yake au kisima chake kimo, na anakifunga. Alichokihitaji ni karatasi mbili: wadi yake imetengewa nini, kiasi gani, wapi, na mradi wa mwaka jana umefikia wapi. Muhtasari wa namna hiyo kwa Kiswahili, uliobandikwa mapema sokoni, kwenye ofisi ya wadi na kwenye ofisi ya chifu, humfikia mtu mapema na hutumia sehemu ndogo sana ya karatasi. Ukisomwa pia kwenye Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa wasikilizaji wa Embu na Mbeere, unamfikia hata asiyejua kusoma. Nakala kamili ibaki, lakini ibaki mahali panapojulikana: ofisi ya wadi, bunge la kaunti, maktaba ya umma ya Meru na ile ya Embu, na kwenye mtandao kwa mwenye simu.

Hapa inafaa tahadhari. Kuna njia ya kuokoa karatasi ambayo kwa kweli ni njia ya kuwaficha watu habari. Ofisi ikiondoa nakala zilizochapwa na kusema kila kitu kiko mtandaoni, mama wa Makima asiye na simu ya intaneti ameondolewa kwenye mjadala, na rimu zilizookolewa zimelipiwa na haki yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kumjibu anayeomba. Sheria hiyo hiyo ilizitaka taasisi za umma ziweke kumbukumbu zao kwenye kompyuta katika muda usiozidi miaka 3 tangu ianze kuzihusu. Kwa hiyo kuhifadhi kumbukumbu kwa kompyuta ni wajibu uliokwisha kupitisha muda wake, na hauifuti haki ya mtu kuonyeshwa karatasi akiiomba.

Sasa turudi kwa yale yanayoletwa na wananchi. Fomu ya basari ni mfano ambao kila mzazi anaujua. Fomu yenyewe ina kurasa kadhaa. Inaambatanishwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ripoti ya shule, muundo wa karo na, kwa mtoto aliyefiwa, cheti cha kifo cha mzazi. Mwaka unaofuata, mtoto yule yule, katika shule ile ile, analeta vyote upya. Mzazi wake aliyekufa anathibitishwa kufa tena. Ofisi ambayo mwaka jana iliona cheti hicho, ikakipiga mhuri na kukiweka kwenye faili, haina sababu ya kukidai mara ya pili, isipokuwa kwamba kufungua faili la mwaka jana ni kazi, na kumtuma mjane saiba si kazi ya mtu yeyote ofisini.

Nafasi za kazi ni hadithi ya namna hiyo hiyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Tangazo la nafasi chache huvuta vijana kwa maelfu. Wakiwa 2,000, na kila bahasha ikiwa na karatasi 12 za barua, wasifu, kitambulisho na vyeti, hizo ni karatasi 24,000, rimu 48, kilo 120. Watakaoitwa kwenye usaili ni wachache. Bahasha zilizobaki zimebeba namba za vitambulisho, namba za simu, alama za mitihani na majina ya wazazi wa vijana ambao hawakupata hata jibu. Ofisi inaweza kupokea fomu moja ya maelezo kwanza, na kudai vyeti na hati za uadilifu kutoka kwa walioorodheshwa kwa usaili pekee. Hilo haligharimu chochote. Kwa kijana wa Kianjai anayeomba kazi mara kumi kwa mwaka, tofauti yake ni pesa ya nauli.

Zinakwenda wapi hizo bahasha? Mtu yeyote aliyenunua njugu stendi ya matatu ameshawahi kuzikuta zimefungwa kwenye karatasi iliyoandikwa jambo la mtu. Mara nyingi ni mtihani wa hesabu wa darasa la sita, na hapo hakuna ubaya isipokuwa aibu ya aliyepata 23. Lakini nakala ya kitambulisho ikizunguka hivyo ni hatari. Kitambulisho na namba ya simu vinamtosha tapeli kuanza kazi. (Miraa, kwa sifa yake, bado hufungwa kwa jani la mgomba, na jani la mgomba halina siri ya mtu.) Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya taarifa za mtu akusanye zile tu anazozihitaji kwa kazi iliyotajwa, na asizitunze kupita muda unaohitajika. Ukiisoma ukiwa umeketi masjala, sheria hiyo inasema jambo rahisi: nakala usiyoihitaji usiiombe, maana ukishaipokea ni jukumu lako kuilinda. Mwananchi ambaye taarifa zake zimetupwa ovyo anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa mtumishi anayetamani kusafisha ofisi yake wiki hii, kuna jambo la kushika kabla hajagusa kabati. Kumbukumbu za umma haziteketezwi kwa uamuzi wa mkuu wa idara. Sheria ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, sura ya 19, inataka idhini ya Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa. Sababu yake ni nzito katika sehemu hizi kuliko mahali pengi. Wilaya za Meru na Embu zilikatwakatwa miaka ya 1990, zikazaa Nyambene, Tharaka, Mbeere na nyinginezo, na kila mkato ulihamisha mafaili. Mwaka 2013 mabaraza ya miji na ya wilaya yakavunjwa, kaunti zikarithi makabati yao. Ndani yake mna ratiba za chai za mwaka 1994 zisizo na faida kwa yeyote, na mna vilevile kumbukumbu za vikao vya ardhi.

Ardhi ndiyo inayofanya jambo hili lisiwe la mzaha. Kwa maeneo yanayofuata Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968, sajili ya eneo huwekwa wazi kwa siku 60 ili mwenye pingamizi alitoe. Pingamizi, ramani ya mipaka, sahihi za wazee wa kamati, vyote ni karatasi. Familia yenye kesi ya shamba kule Tigania au Mbeere inaweza kusubiri miaka mingi, na siku ya kuamuliwa ikaambiwa kwamba faili halionekani. Huenda liliozea kwenye stoo iliyojaa nakala elfu za barua za mwaliko. Kwa mwenye shamba, huo ndio ubaya mkubwa wa karatasi zisizo na kazi: zinaifunika ile moja iliyo na kazi. Anayetaka kuona kumbukumbu zilizotunzwa ipasavyo akiwa Nairobi apite jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Taarifa za mwaka za wilaya za Meru na Embu za enzi za ukoloni zimo mle, na watafiti wanaziomba na kuletewa mezani.

Basi usafi uanze na kutenganisha. Zilizo kumbukumbu ziorodheshwe na ziombewe kibali. Zisizo kumbukumbu, kama rasimu, nakala za ziada na kurasa zilizochapwa kimakosa, zina njia mbili nzuri. Zilizo na upande mweupe na hazina jina wala namba ya mtu zikatwe kuwa vitabu vya kuandikia ujumbe, au zipelekwe madarasa ya chekechea. Elimu ya chekechea iko chini ya kaunti, na mtoto wa miaka minne anayechora ng'ombe hajali nyuma kuna nini. Zilizobaki zikatwekatwe na kuuzwa. Viwanda kama Chandaria Industries cha Nairobi hununua karatasi zilizotumika na kuzigeuza shashi na karatasi za chooni, na karatasi nyeupe ya ofisi ni malighafi nzuri kwa kazi hiyo ikiwa kavu na haijachanganyika na maganda ya ndizi na mabaki ya chapati. Jalada la plastiki na uzi wa kufungia viondolewe kwanza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari inazitaka taasisi za umma na za binafsi zitenganishe taka pale zinapotoka. Ndoo mbili kando ya printa zinatosha kuanzia. Kuchoma kwenye shimo nyuma ya ofisi ndiko kubaya kuliko vyote, kwa sababu rundo la karatasi huungua kingo tu, na upepo hupeleka katikati yake, yenye majina, hadi kwenye ua wa jirani.

Kuhusu printa yenyewe, maneno machache. Mashine ipangwe na fundi ichape pande mbili bila kuambiwa, na anayetaka upande mmoja ndiye ahangaike. Idara nzima itumie mashine moja kubwa badala ya kila meza na yake, kwa kuwa ile ndogo ya mezani ndiyo inayochapa mambo ya harusi na ya chama. Mashine nyingi za kisasa zinaweza kusubiri namba ya siri ya mchapaji kabla ya kutoa karatasi. Hivyo hakuna rundo lisilo na mwenyewe linalolala kwenye trei hadi Jumatatu. Rasimu zisomwe kwenye kioo. Barua ya idara kwa idara iende kwa barua pepe na ikome hapo. Bado wako wakubwa wanaoamini kwamba barua isiyo na wino wa kalamu na mhuri wa zambarau haina nguvu, ilhali sheria za Kenya zinatambua sahihi ya kielektroniki.

Mahakama, ambayo kwa kawaida haiaminiwi kuwa na haraka, imetangulia. Kesi zilianza kupokelewa kwa mtandao Nairobi mwaka 2020, na mwaka 2024 utaratibu huo ukaenezwa nchi nzima chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ambaye ni binti wa Meru. Mbali zaidi, serikali ya Dubai ilitangaza Desemba 2021 kwamba ofisi zake zimeacha karatasi kabisa, na kwamba zimeokoa karatasi zaidi ya milioni 336. Dubai ina umeme usiokatika na mtandao kila kona, kwa hiyo haifai kuigwa neno kwa neno. Hata hivyo, mpangilio unaofaa ni kuanza kwa kuondoa hatua zisizohitajika, kisha kuziweka zilizobaki kwenye kompyuta.

Huku kwetu mara nyingi imekuwa kinyume. Huduma inawekwa mtandaoni, mwananchi anajaza kwenye simu, analipa kwa M-Pesa, halafu anaambiwa achape risiti ya malipo na fomu aliyojaza, azilete dirishani. Karani anazibana na kuziweka kwenye faili. Huduma ya kidijitali hapo imeongeza karatasi mbili na safari moja ya saiba. Karani akiwa na kompyuta yenye mtandao, namba ya malipo anaweza kuiona mwenyewe.

Mkazi ana la kufanya pia, na halihitaji kelele. Anapoombwa nakala ambayo ofisi hiyo tayari inayo, aulize kwa upole nakala hiyo mpya ni ya kazi gani na itatunzwa wapi. Mara nyingi karani mwenyewe hajui; alikuta kikaratasi kimebandikwa dirishani na aliyemtangulia, naye akakiacha. Kwenye vikao vya bajeti, wakazi wa kila wadi waombe muhtasari wa kurasa mbili siku kadhaa kabla ya kikao, na waulize ofisi ilitumia kiasi gani kwa vifaa vya kuandikia na uchapishaji mwaka uliopita. Kifungu hicho kimo kwenye makadirio ya kila idara, ndani ya kile kitabu kizito, na watu wachache sana hukifungua hadi hapo.